Mtoto Mwenye Usonji Kijijini: Mwongozo Kamili kwa Familia na Majirani

Huku kwetu Mombasa, iwe ni Mwakirunge, Jomvu Kuu au Shika Adabu, swali ninaloulizwa na akina mama ni lile lile: "Nifanyeje mwanangu aongee?" Na karibu kila nyumba imekwama pale pale. Wameanza na mdomo. Mtoto anashikwa kidevu, anaonyeshwa kikombe, anaambiwa, "Sema maji. Sema maji ndipo nikupe." Kiu inamuuma, neno halimtoki, analia, anajigonga kichwa ukutani, na mamake naye analia. Wiki mbili zikipita watu wanachoka, wanasema haiwezekani.

Inawezekana, ila ina utaratibu wake. Kwanza siku ya mtoto inatulizwa. Kisha mkono wake unapewa njia ya kuomba. Kisha watu wanaomzunguka wanafunzwa. Maneno yakija, yatakuta njia imeshafyekwa. Yasipokuja, mtoto ataelewana na watu wake hivyo hivyo. Mimi ni khalati wa kijana mwenye usonji. Nimemlea bega kwa bega na dadangu, na nimeandamana na familia nyingine kadhaa hospitalini na shuleni. Mengi ya hapa chini tuliyakosea kwanza ndipo tukayajua.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni jinsi ubongo unavyokua tangu mtoto akiwa mdogo mno. Hauambukizi. Hauletwi na chanjo, wala malezi ya mama, wala mwiko uliovunjwa wakati wa mimba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kijiji cha watu 1,000 kina wapata wanane. Ikiwa kijijini kwenu unamjua mmoja tu, huenda wengine wamefichwa ndani au wanaitwa majina mengine.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee.
- Katoni, mkasi, selotepu ya kung'aa na kalamu nene nyeusi.
- Simu yenye kamera, ya kuazima pia yafaa.
- Sindano, uzi na kipande cha kitambaa cha kushonea namba ya simu ndani ya nguo.
- Leso mbili nzito na mkeka.
- Kijitabu cha kliniki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mzazi.
- Mtu wa pili. Huyu ndiye anayesahauliwa na wengi, na bila yeye Hatua ya 5 haifanyiki.

Kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, anza kukifuatilia leo, kabla ya jambo jingine lolote. Nimeona familia ikikaa mwaka mzima kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

## Hatua ya 1: Andika siku saba kabla hujaenda popote

Daktari atamwona mtoto wako kwa dakika chache, katika chumba kigeni, baada ya foleni ndefu. Mtoto atalia au atanyamaza, na mambo ya nyumbani hayataonekana. Daftari litasema kwa niaba yako.

Kila jioni andika ulichokiona, si unachokihofia. Je, anaitika akiitwa jina? Anakuonyesha kitu kwa kidole, au anaushika mkono wako na kuupeleka kwenye kitu kama vile mkono ni chombo? Anarudia maneno ya tangazo la redio bila kuomba kitu? Anapanga vifuniko vya soda kwa mstari na kuchacha mstari ukivurugwa? Anaziba masikio honi ikilia? Anakula wali mtupu, na mchuzi ukiugusa wali anaacha sahani? Analala saa ngapi, anaamka saa ngapi?

Alama moja haitoshi kusema ni usonji. Watoto wengi hupanga vitu, na wengi huchagua chakula. Daktari hutazama mkusanyiko, na kama umekuwepo tangu utotoni. Wasichana hasa hupitwa, kwa kuwa msichana mkimya husifiwa kuwa na haya.

Tahadhari: Mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakampotea, au aliyekuwa akipunga mkono kwaheri kisha akaacha, asisubirishwe siku saba. Mpeleke.

## Hatua ya 2: Hospitali, na masikio kwanza

Anzia zahanati iliyo karibu, uombe barua ya rufaa. Kutoka Jomvu na Miritini wengi hupelekwa hospitali ya Port Reitz. Walio kusini ya kivuko huanzia hospitali ya Likoni. Na kesi nyingi hatimaye huishia Coast General, pale Makadara. Nenda mapema. Mwambie muuguzi wa mlangoni kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, "Mtoto wangu hawezi kustahimili foleni, naomba tusubiri nje uniite." Wengi hukubali.

Ukiingia, omba mambo matatu kwa mpangilio huu:

1. Masikio yapimwe. Mtoto asiyeitika jina huenda hasikii, au ana usaha ndani. Hili ndilo la kuondolewa shaka kwanza.
2. Eleza kama amewahi kupatwa na degedege au kukodoa macho na kuganda ghafla. Kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi kuliko wengine, nacho kina dawa.
3. Omba kumwona daktari wa watoto, mtaalamu wa matamshi, na yule anayewafunza watoto kazi za mikono na za kila siku, ambaye hospitalini utasikia akiitwa OT.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kumhoji mzazi. Hakuna pia dawa inayouondoa. Zipo za kifafa, na zipo ambazo daktari huweza kutoa kwa usingizi au wasiwasi mkubwa. Anayekuuzia chupa ya "kutoa sumu ya usonji mwilini" anakuibia, na huenda akamdhuru mtoto.

Dadangu aliambiwa kwenye hospitali moja kwamba watoto wa kiume huchelewa, amrudishe akitimiza miaka mitano. Akatii. Miaka miwili ikapita bila mtu kutufunza chochote. Ukiambiwa usubiri, sema, "Sawa, nitasubiri, lakini naomba rufaa nisubiri nikiwa nayo mkononi." Na usisubiri jina la ugonjwa ndipo uanze Hatua ya 4. Hatua hiyo haimdhuru mtoto yeyote, awe na usonji au asiwe nao.

Sasa kuhusu kisomo, kombe na waganga, kwa sababu najua mtaulizana. Dua na kumsomea mtoto kwa upole ni imani ya familia, na simkatazi mtu. Ninachokataza kwa nguvu zangu zote ni moshi wa kumfukiza mtoto ndani ya shuka, kumpiga "ili jini litoke", kumchanja, kumnyima chakula na kumfunga kamba. Mtoto asiyeweza kusema "inaniuma" ndiye wa kwanza kulindwa. Na pesa ya kisomo isile nauli ya hospitali.

## Hatua ya 3: Karatasi

Hatua hii inachosha, basi nitaieleza kwa ufupi. Tathmini ya ulemavu hufanywa katika hospitali za serikali zilizoidhinishwa. Ukiwa na ripoti yake, mtoto husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na maombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama simu yako haifai, nenda saiba ukiwa na picha ya pasipoti ya mtoto, cheti chake na kitambulisho chako. Piga picha kila karatasi kwa simu kabla ya kuiachia mtu yeyote.

Uliza pia kwa chifu au afisa wa maendeleo ya jamii kuhusu Inua Jamii. Mpango huo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Si kila aliyesajiliwa huingizwa, kwa hivyo jina lako liwe limeandikwa mapema. Na usijiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, peke yako: hakikisha mtoto ameingizwa chini ya jina lako.

## Hatua ya 4: Tuliza siku

Mtoto mwenye usonji huchoshwa na asichokitarajia. Kwetu sisi siku hujipanga yenyewe: adhana, chai, soko, jua la saa nane, mahamri ya jioni. Kwake mambo hayo humwangukia moja moja kama nazi, hajui ipi inafuata. Vilio vya nyumbani hupungua akijua kinachokuja.

Usianze na picha. Anza na vitu vyenyewe. Weka kwenye kibaraza rafu ya ubao au katoni lililolazwa, upange vitu vitatu kutoka kushoto kwenda kulia. Kikombe ni chai, kipande cha sabuni ni kuoga, kandambili ni kutoka nje. Kabla ya kila tendo mpe kitu kinachohusika akishike, mwende nacho pamoja. Tendo likiisha, kitu kinatiwa kwenye ndoo. Kilichomo ndooni kimekwisha.

Baada ya wiki mbili tatu, sisi tulimkuta mtoto ameketi mbele ya rafu alfajiri, anagusa kikombe, anagusa sabuni, anagusa kandambili, kisha anatutazama. Alikuwa anasoma siku yake. Hiyo ndiyo ishara ya kufaulu, na ukiiona waweza kuanza kubadilisha vitu kwa picha.

Mambo mengine ya hatua hii:

Kona tulivu. Chagua pembe isiyopitiwa na watu, tandika mkeka, tundika leso mbili kama pazia. Hapo ni kwake. Haadhibiwi hapo, haitwi hapo, wageni hawachungulii. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja, hata nafasi kati ya kabati na ukuta yatosha.

Maneno machache. "Njoo. Viatu. Twende." Usimwambie, "Haya baba hebu fanya haraka uvae viatu kwa maana gari litatuacha." Sema mara moja, hesabu kimoyomoyo hadi kumi, ndipo urudie. Wengi hurudia baada ya sekunde mbili, na mtoto inabidi aanze upya kulisikiliza neno.

Ramadhani na sikukuu. Saa za chakula hugeuka, watu hukesha, ngoma ya daku hupita dirishani. Chakula chake kibaki saa zake zile zile, na mkeka wake usibebwe na wageni wa futari. Nguo mpya ya Idi ifuliwe mara mbili tatu na lebo ya shingoni ikatwe, maana kile kijitambaa kinachokukuna wewe kidogo, yeye kinamchoma.

## Hatua ya 5: Upe mkono njia ya kuomba

Hapa ndipo palipo na kazi, basi soma polepole.

Wazazi huogopa kwamba mtoto akizoea picha hatasema tena. Haiko hivyo. Kadi haizuii maneno. Kwa watoto wengi huyafungulia mlango, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuonja kueleweka hutafuta kueleweka zaidi.

Chagua kitu kimoja anachokipenda mno na kinachoweza kutolewa vipande vipande. Sisi tulitumia kachiri za muhogo, vile vipande vyembamba vya kukaangwa. Usitumie karanga kwa mtoto mdogo, zinaweza kumkaba. Piga picha ya pakiti yenyewe anayoijua, uichapishe, au ichore kwa kalamu nene. Bandika kwenye kipande cha katoni chenye ukubwa wa kiganja, kifunike kwa selotepu pande zote. Mate, jasho na chumvi ya pwani humaliza kadi isiyofunikwa kwa siku tatu.

Zamu ya kwanza. Mtu mmoja aketi mbele ya mtoto, kachiri mkononi. Mtu wa pili akae nyuma yake, kimya kabisa. Kadi iko mkekani katikati. Mtoto akinyoosha mkono kuifuata kachiri, wa nyuma anauongoza mkono ule kwa upole uokote kadi na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Saa hiyo hiyo wa mbele anasema "Kachiri!" na kumpa kipande. Wala si baada ya kusifu, wala si baada ya "sema asante". Saa hiyo hiyo.

Rudia mara kumi hivi, kisha acheni. Dakika tano zatosha. Fanyeni tena jioni.

Zamu ya pili. Wa nyuma anapunguza msaada kidogo kidogo: kwanza anauachia mkono mwishoni, kesho katikati, keshokutwa anagusa kiwiko tu. Hapa ndipo watu huharibu kwa huruma, wanamwokotea kadi. Muache ahangaike kidogo, lakini asifike kulia.

Zamu ya tatu. Wa mbele anasogea. Hatua moja, hatua tatu, mlangoni, jikoni. Mtoto ajifunze kumtafuta mtu. Bila zamu hii ataiacha kadi sakafuni na kungoja muujiza.

Zamu ya nne. Weka kadi mbili, moja ya kachiri na moja ya kitu asichokijali, tuseme soksi. Akikupa ya soksi, mpe soksi. Uso atakaoukunja ndio somo. Kisha mwelekeze kwenye kadi ya pili. Akishazitofautisha ongeza maji, choo, "nje", "inauma" na "basi", yaani imetosha. Hizi mbili za mwisho zisichelewe. Mtoto anayeweza kusema inauma na basi hapigi watu sana.

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali, bibi ameketi kizingitini anachagua mchele. Mtoto alitoka ndani na kadi ya maji, kona yake moja ameshaitafuna. Hakumtazama bibi usoni. Aliiweka kadi juu ya ungo, katikati ya mchele, akasimama akitazama ukuta. Bibi akaacha ungo, akainuka na magoti yake yale mabovu, akamletea maji. Alikuwa na miaka sita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kuomba kitu bila kulia.

Tahadhari tatu. Kadi isifichwe kama adhabu, hata siku moja. Hiyo ni sauti yake. Usimlazimishe kutamka ndipo apewe. Na kitu kikiwa hakipo, usimwambie "ngoja" tu: mwonyeshe pakiti tupu, kisha mpe kadi ya kitu kingine kilichopo.

## Hatua ya 6: Anapoelemewa

Kudeka kuna macho: mtoto anayedeka hukutazama aone kama unatazama, na akipewa hunyamaza. Kuelemewa ni jambo jingine. Kelele, joto, harufu, mabadiliko na maumivu vimejaa hadi vimemwagika. Kumpa anachotaka hakumtulizi, na fimbo humwongezea moto.

Wakati huo ongea kidogo au nyamaza. Ondoa watu, si mtoto, ikiwezekana. Zima redio. Weka mto au leso iliyokunjwa kati ya kichwa chake na ukuta. Usimshike ila anapokaribia kujiumiza au kumwumiza mtu. Baadaye mpe maji, mwache kwenye kona yake. Mahubiri hayafai siku hiyo.

Kesho yake fungua daftari, uandike mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Baada ya mara tano sita utaona mchoro. Mama mmoja wa Miritini aligundua kwamba kila kilio kilikuja pale mashine ya kusaga ya jirani inapowashwa. Walikubaliana na jirani awape ishara kwanza, na mtoto apelekwe nyuma ya nyumba. Ikawa basi.

Tabia ikibadilika ghafla, tafuta maumivu kabla ya kutafuta ukaidi. Tazama meno, masikio, koo, na uulize alipata choo lini. Mtoto alaye wali na mkate tu hufunga choo, na tumbo gumu humfanya mtu yeyote awe mkali.

Akipatwa na kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano bila kuachia, ni hospitali mbio.

## Hatua ya 7: Maji

Hatua hii usiiruke hata kama mtoto wako hajawahi kutoroka. Watoto wengi wenye usonji huondoka kimya, na wengi huvutwa na maji bila kuona hatari yake. Sisi tumezungukwa: bahari, mikoko, visima visivyo na kifuniko, mashimo ya machimbo yaliyojaa mvua, mapipa uani.

- Funika kisima na mapipa leo.
- Weka komeo juu ya mlango asipofika, na kengele au makopo yanayogonga mlango ukifunguka. Komeo ni la kukupa nafasi ya kusikia, si la kumfungia mtu ndani mchana kutwa.
- Shonea namba ya simu ndani ya kila nguo. Usiandike jina lake kwa nje. Mtu mbaya hulitumia.
- Wapelekee picha yake wavuvi, waendesha bodaboda wa stejini na wenye maduka. Waambie anaitikia nini na anaogopa nini.
- Mfunze kuogelea na mtu unayemwamini, mapema, na afunzwe pia akiwa na nguo mwilini.

Akipotea, nenda majini kwanza. Usianze kwa kuzunguka kwa mashangazi. Mtu mmoja akimbie pwani, mwingine kisimani, wa tatu ndiye apige simu.

Wetu alitupotea akiwa na miaka saba. Maji yalikuwa yamekupwa, Mungu ni mwema. Mvuvi alimkuta chini ya mikoko amepanga makome kwa mstari mrefu ulionyooka kuelekea mkondoni. Hakumvuta. Aliokota makome, akayaongeza kwenye mstari akiugeuza kidogo kidogo kuelekea nchi kavu, na mtoto akafuata. Alijua la kufanya kwa sababu wiki iliyotangulia dadangu alikuwa amemweleza.

## Hatua ya 8: Majirani

Usiite mkutano kuwaeleza watu usonji ni nini. Watu hukaa, huitikia kwa kichwa, huondoka na yale yale. Mwendee mtu mmoja mmoja na ombi moja dogo.

Kwa imamu au mchungaji: "Naomba aje dakika kumi kabla watu hawajajaa, akae karibu na mlango." Kwa muuza duka: "Akikupa kadi, mpe nilichokulipia." Kwa kinyozi: "Tuje saa mbili asubuhi, utumie mkasi, mashine inamtisha." Kwa watoto wa mtaa wape kazi: huyu ndiye wa kumpigia mpira, yule ndiye wa kutujulisha akitoka.

Majina kama zuzu na punguani yakomeshwe bila haya. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha. Mzee wa mtaa akilisema hilo barazani, lina uzito kuliko ukilisema wewe.

Na sasa wewe jirani, wewe wifi, wewe ami. Usimwulize mama yule, "Nikusaidie nini?" Amechoka hata kufikiri jibu. Mwambie, "Jumamosi saa nne hadi saa saba nitakaa naye mimi, wewe lala." Kisha njoo Jumamosi hiyo, na ijayo. Njoo kwanza mara mbili akiwepo, ujifunze kadi na kona. Baba wa mtoto aambiwe na wanaume wenzake kwamba jambo hili halikutoka tumboni mwa mke wake kama kosa. Nimeona ndoa zikivunjika kwa neno hilo moja, "huyu si wa ukoo wetu."

Utajua hatua hii imekaa vizuri mama akianza kwenda harusini na mtoto, akaketi nusu saa, akaondoka bila mtu kumwuliza kwa nini.

## Hatua ya 9: Shule

Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini vinavyojulikana kama EARC. Huko ndiko mtoto hupimwa mahitaji yake ya masomo na kuelekezwa: shule ya kawaida yenye msaada, kitengo maalum ndani ya shule ya msingi, au shule maalum. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Nenda na daftari na ripoti ya hospitali.

Mwandikie mwalimu ukurasa mmoja, si zaidi, maana mwalimu mwenye watoto sitini hatasoma kumi. Andika anachokipenda, kinachomwelemea, anavyoomba, anavyoomba choo, na cha kufanya akilipuka. Nenda siku ya Jumapili shule ikiwa tupu, umtembeze: lango, darasa, choo, mti wa kivuli. Siku nne za kwanza zikiwa za saa moja moja, si aibu. Mwalimu wa madrasa naye apewe ukurasa huo huo, na aambiwe wazi kwamba bakora hapana.

## Hatua ya 10: Balehe na utu uzima

Miongozo mingi huishia shuleni, na kijana naye anazidi kurefuka. Anza mapema, miaka minane au tisa. Mfunze kwa picha sehemu za mwili zisizoguswa na mtu, na majina yake ya kweli. Msichana afunzwe hedhi kabla haijaja: mpe avae sodo kavu siku kadhaa azizoee, na kadi yake iwe kwenye rafu. Asiyesema ni rahisi kudhulumiwa, na mara nyingi anayemdhulumu ni mtu wa karibu. Mabadiliko ya ghafla, woga wa mtu fulani au chumba fulani, usiyapuuze. Namba 116 hupokea simu za kumlinda mtoto bila malipo.

Kazi itafutwe kwa kumtazama anachokipenda. Aliyependa kupanga makome, leo ana miaka kumi na tisa, anashona makuti na fundi wa Jomvu. Fito zinazongoja ziko ndoo ya kushoto. Ndoo ikiwa tupu, kazi imekwisha, hakuna wa kumwambia. Makuti yake yamelingana hivi kwamba fundi huyatenga kwa wateja wa kuezeka hoteli. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba malipo yawekwe mkononi mwake mwenyewe, asipewe mjomba wala mamake, na yahesabiwe mbele yake sarafu kwa sarafu.

Jioni hupitia kwa muuza kachiri. Hutoa kadi, ya nne au ya tano sasa, maana zile za awali zimekwisha kutafunwa, na shilingi ishirini. Muuzaji huipokea kadi, huitazama kana kwamba ni mara ya kwanza, humrudishia pamoja na pakiti.